Kuogelea Krete Mwezi wa Nne

Harufu ya klorini hadi leo hunirudisha kwenye Jumanne. Kila Jumanne shule yetu ya Brussels ilitupeleka kwenye bwawa la manispaa, na kila Jumanne mimi, msichana wa miaka kumi na moja, mrefu kuliko darasa zima, niliwekwa upande wa kina kifupi pamoja na watoto wa miaka sita waliovaa maboya mikononi. Maji yalinifika mapajani. Wenzangu walikuwa ng'ambo ya kamba wakipiga mbizi na kucheka, nami sikuwa na shaka kwamba wananicheka mimi. Mwezi wa sita kungekuwa na mtihani wa mita ishirini na tano, na asiyefaulu angebaki na wale wadogo mwaka mwingine mzima. Niliona heri niugue.

Papa, yaani baba yangu, alilichukua jambo hilo kwa uzito ambao sikuuelewa. Niseme mapema kitu ambacho mimi nilikijua ukubwani, siku Maman, mama yangu, aliponieleza tukimenya ndizi: Papa hakujua kuogelea. Alizaliwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika nyumba inayolitazama Ziwa Kivu, lakini kaka yake alizama humo, na tangu siku hiyo mama yao aliwakataza watoto waliobaki hata kunawa miguu ziwani. Yote aliyoyajua kuhusu kuogelea aliyaona kwa mbali, amekaa mlimani akiwatazama wavulana wengine. Hata hivyo, niliporudi nyumbani nalia kwa ajili ya bwawa, alisema atanifundisha yeye mwenyewe, tena baharini, si kwenye beseni lile la shule. Nilimwamini kabisa.

Maman alikuwa akihudumia wazee hospitalini kule Woluwe, na likizo za kiangazi zote zilikwishachukuliwa na waliomtangulia kazini. Yeye alipewa wiki ya Pasaka. Papa akachagua Krete, jina tulilolisikia kanisani katika safari za mitume, akaona hiyo ni dhamana ya kutosha. Lakini alikuwa mtu wa kuhakikisha mambo. Alikwenda kwenye duka la intaneti karibu na stesheni ya Midi, akachapisha jedwali la joto la bahari mwezi kwa mwezi, akalibandika kwenye friji. Mwezi wa pili, nyuzi kumi na tano. Mwezi wa nne, kumi na saba. Mwezi wa nane, ishirini na tano. Maman aliweka kidole kwenye kumi na saba akauliza kama hiyo si baridi.

"Dix-sept ni bien," Papa alimjibu. "Huku Bruxelles, dix-sept, bantu banatosha makoti na banakalaka inje."

Kwa kipimo cha Brussels alisema kweli. Nyuzi kumi na saba zikifika, mji mzima huvua makoti na kutoka nje kukaa juani na mikono wazi. Kosa lake lilikuwa kupima maji kwa kipimo cha hewa. Mtu aliyekulia kando ya ziwa lisilobadilika mwaka mzima, kisha akaishi miaka minane katika mji wa mvua, angejulia wapi? Jumapili tulinunua nguo za kuogelea na ndara za plastiki katika soko la Midi, nami nikawatangazia wenzangu kwamba nikirudi watanikoma.

Siku ya kwanza kule Krete jua liliwaka, mchanga ulichoma, na bahari ilikuwa safi hadi ukaona kokoto chini. Papa akaingia kwa mbwembwe. Maji yalipofika magotini alisimama, akatazama mbele muda mrefu. Mama mwenye nyumba tuliyopanga, mwanamke mzee aliyejua Kifaransa kidogo, alishuka na funguo zake mkononi akauliza tumepoteza nini majini. Kisha akatueleza kwa subira kwamba bahari huchelewa kupata joto na huchelewa kulitoa. Hewa ikishachangamka mwezi wa nne, maji bado yamelala baridini. Watu wa pale huanza kuogelea mwezi wa sita, na wajanja husubiri wa tisa, maana kiangazi chote kinakuwa kimehifadhiwa majini. Maman alijifunika kitenge chake.

"Donc tulikimbia baridi ya Bruxelles," alisema, "tukakuya kuoga mu ingine."

Mimi nililia waziwazi, kwa hasira. Kesho yake Papa alinipeleka kwenye ghuba ndogo saa sita mchana, maji mafupi yakiwa yamepigwa na jua, kabla ya upepo wa kaskazini kuamka na kuleta mawimbi. Alichukua dumu tupu la maji ya kunywa, la lita tano, akalifunga kifuani mwangu kwa kitenge cha Maman, kama alivyoona wavulana wa Bukavu wakifanya. Akatembea hadi maji yakamfika kifuani, akageuka, akaupa kina kirefu mgongo. Nilipojilaza, baridi ilinikata pumzi. Yeye alihesabu kwa Kifaransa, kwa sauti ya mwalimu, na alipofika cent, yaani mia, tulitoka mbio kwenda kwenye taulo. Siku ya tatu tulifika deux cents, mia mbili. Siku ya tano bendera nyekundu ya kukataza watu kuogelea ilipandishwa ufukweni, tukashinda ndani tukicheza karata, nami nikahesabu saa zilizobaki.

Siku ya mwisho upepo ulitulia. Papa alifungua fundo la kitenge bila kuniambia, nikaelea. Nikapiga miguu, nikaenda, na kwa furaha nikampita. Nilipogeuka niliona nimevuka mahali aliposimama, na chini yangu hapakuwa na kokoto tena, ni buluu tupu. Papa alipiga hatua moja kunifuata na maji yakamfika kidevuni. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Nilidhani ni baridi.

"Rudia kwangu pole pole," alisema, akiniita maman kama akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Miguu, maman, miguu."

Nilirudi. Mwezi wa sita nilimaliza mita zangu ishirini na tano katika maji ya klorini ambayo sasa niliyaona vuguvugu mno, nikahamia ng'ambo ya kamba, na kwa kweli nikaringa hadi likizo.

Miaka kumi na miwili baadaye niliwarudisha wazazi wangu kwenye ghuba ile ile, safari hii mwezi wa tisa. Siku hizi sikosei. Joto la bahari nalitazama kwenye simu kabla ya kukata tiketi, na nyuzi zilikuwa ishirini na tano. Maman aliingia na kofia kichwani, akakataa kutoka. Nilisimama na Papa, maji yakitufika kifuani, hakuna aliyetetemeka. Nilikwishajua siri yake, lakini hatukuwahi kuizungumza, basi nikamuuliza angefanya nini siku ile kama ningekwenda mbali zaidi.

"Ningekufuata," alisema.

Nikamwambia kwamba hajui kuogelea.

"Ndiyo," alisema Papa. "Ningekufuata tu."