Chumvi ya Roch Mbele ya Nyumba ya Shangazi

Shangazi Ghislaine ndiye mtu pekee mtaani kwetu anayeomba baridi izidi. Watu wa mji wetu wa La Baie wakiamka Januari na kukuta kipimajoto kimeshuka zaidi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, hununa kutwa nzima. Yeye huchungulia dirishani, akakaza mkanda wa gauni lake la asubuhi, akasema, "Leo siku njema." Baridi ikifika kiwango hicho, chumvi ya barabarani haiyeyushi barafu, kwa hiyo lori la mji humwaga mchanga. Mchanga huchubua rangi tu. Chumvi hula chuma.

Na chuma chenyewe ni cha gari lake jekundu, dogo, la milango miwili, lililoshushwa mpaka paka wa jirani hawezi kujificha chini yake. Mume wake wa zamani alikuwa mpenzi wa magari marefu. Alipohama na gari lake refu, shangazi alikwenda wiki iliyofuata akanunua fupi, halafu akalifupisha zaidi. Yeye na baba yangu, Clermont, ambaye ni mdogo wake na ana gereji ya lifti moja nyuma ya nyumba yake, walitumia kiangazi kizima kubadilisha springi, rimu na silensa. Wakati huo shangazi alikuwa na miaka hamsini na mbili. Watu walisema amechanganyikiwa kwa kuachwa. Yeye alisema alikuwa amechanganyikiwa alipoolewa.

Kazi yake ni kutengeneza nywele za vikongwe kwenye nyumba ya wazee, ng'ambo ya mto. Wateja wake wanalijua gari kwa mlio. Bi Fernande, ambaye hawezi tena kutembea bila fremu, humwomba kila Krismasi ampitishe mbele ya kanisa polepole, kioo kikiwa wazi, ili wale wanawake wa kwaya wamwone.

Mimi naishi naye tangu nilipoanza chuo, katika chumba cha juu, kwa sababu basi linapita karibu. Ndiyo maana najua anavyoendesha wakati wa theluji. Haendeshi ndani ya michirizi ya matairi kama watu wengine, maana tuta la theluji la katikati lingelikwaruza gari tumbo. Hupandisha gurudumu moja juu ya tuta, jingine akalipitisha pembezoni, na mwili wake wote huinama kidogo upande mmoja, kama mtu aliyebeba ndoo. Theluji ikiwa ya unga, gari huisukuma mbele kwa bampa na sote wawili hatuoni kitu kwa sekunde kadhaa. Ikipita husema, "Basi. Endelea kusoma." Kila Novemba baba humsihi alipandishe. Naye hulipandisha vidole viwili.

"Viwili tu?" baba huuliza.

"Vitatu nitaonekana nimepanda trekta."

Vuli iliyopita baba aliliinua kwenye lifti ili alipulizie mafuta ya kuzuia kutu, kama inavyofanyika kwa magari yote huku kabla ya theluji. Alikuta sakafu imeoza chini ya kiti cha abiria. Akachomelea bati, akapulizia mafuta, kisha akafuta mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Ghislaine, sikiliza. Hii ni mara ya nne. Nikikuta tundu jingine majira ya kuchipua, sichomelei tena. Nitakuwa nashona utando wa buibui. Tunatoa namba, linakwenda kwenye vyuma chakavu."

"Na lisipokuwa na tundu?"

"Lisipokuwa na tundu, utaliendesha mpaka utuzike sote."

Walipeana mikono. Katika familia yetu mkono ni mkataba. Nilijua shangazi amejitia hatarini, kwa sababu usiku ule hakumaliza mchezo wake wa karata.

Januari yote aliendesha kwa hesabu. Alikwepa barabara kuu, akapita vichochoro visivyotiwa chumvi. Lakini mwezi ule ule kitu cha ajabu kilianza mbele ya nyumba yetu. Sisi tunakaa katikati ya mteremko wa kwenda ghubani. Mteremko wote ulikuwa na theluji iliyoshindiliwa, ya kijivu, kama mitaa mingine. Mbele ya lango letu tu, lami ilikuwa nyeusi na tupu, na pembeni chumvi imelundikana, nyeupe, punje kubwa kama mbaazi. Kila akitoka, magurudumu yake yalipita ndani ya supu ile.

"Kuna mtu ananiwinda," alisema.

"Labda mashine ya lori la mji ina hitilafu," nikasema.

"Hitilafu inayojua namba ya nyumba yangu?"

Asubuhi moja ya Februari alinigongea mlango kabla ya mwanga. Alikuwa amevaa gauni lake la asubuhi, buti, kofia ya manyoya ya marehemu babu, na mkononi ameshika koleo la theluji.

"Vaa. Nataka shahidi."

"Shangazi, mimi sijui kugombana."

"Ndiyo maana nakuchukua. Wewe utasimama tu."

Tukasimama kando ya lango, pumzi zetu zikiganda kwenye mitandio. Lori likateremka, taa ya juu ikizunguka, jembe la kusukuma theluji mbele, mashine ya kumwaga chumvi nyuma. Lilipofika kwetu, kweli, lilipunguza mwendo, na chumvi ikaanza kumwagika kama mahindi yaliyotobolewa gunia. Shangazi akaingia barabarani na koleo lake.

Lori likasimama. Kioo kikashuka. Ndani alikuwa mwanamume mkubwa, ndevu zimeingia mvi, na chupa ya chai kati ya mapaja.

"Umelala vizuri, bwana?"

"Vizuri, bibie."

"Mimi silali. Unajua kwa nini? Nasikia gari langu likitafunwa. Nimekukosea nini?"

Yule mwanamume alinitazama mimi kama vile ningeweza kumsaidia. Nikatazama buti zangu.

"Hujanikosea."

"Basi kwa nini jirani yangu anapata kijiko na mimi napata gunia?"

Akazima injini. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Desemba nilikuwa nyuma yako, pale kona ya kanisa," alisema. "Uliteleza. Ukazunguka mzima, gari likasimama linatazama lori langu uso kwa uso. Nilidhani nitakugonga. Wewe ukanipungia mkono, ukageuza, ukaenda zako. Mimi nilikaa pale mpaka magari ya nyuma yakaanza kunipigia honi." Akasafisha koo. "Gari lako liko chini sana. Nikasema, walau mbele ya nyumbani kwake pawe pakavu."

Shangazi aliinama akaokota punje moja ya chumvi.

"Kwa hiyo hii yote," akaonyesha lami kwa koleo, "ni wema?"

"Nilikusudia hivyo."

"Bwana, wewe unamwaga chumvi miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Na hujui inafanya nini?"

"Lori ni la mji," alisema kwa unyonge. "Wao ndio huliangalia chini."

Nilidhani shangazi atampiga kwa koleo. Badala yake alianza kucheka, taratibu, halafu ikabidi aegemee jembe la lori. Yule dereva akatuambia jina lake ni Roch Gaudreault, kana kwamba tumemwuliza. Shangazi akamwomba asitie kabisa chumvi mbele ya lango. Roch akatikisa kichwa. Mama Thivierge wa nyumba ya pili, alisema, huteremka hapo kwa miguu kwenda misa, na nyonga yake ni ya bandia. "Nitatia ile anayopata kila mtu. Kuacha siwezi, hata kwa ajili yako." Shangazi alimtazama kwa makini zaidi baada ya jibu lile kuliko kabla yake. Nadhani Roch angesema ndiyo, shangazi angemdharau.

"Lakini malori ya mji yana gereji yenye joto," Roch akaongeza. "Naweza kuomba ulilaze gari humo jioni, theluji iyeyuke chini."

"Joto na chumvi? Unataka kuligeuza supu kabisa? Kutu inapenda joto kama paka." Akampa koleo alishike, akafunga gauni vizuri. "Linataka maji ya baridi na mtu wa kulala chini yake."

"Mimi naweza kulala chini," Roch akasema, kisha masikio yakamwiva.

Hivyo ndivyo Jumamosi zilivyoanza. Roch ana banda lisilopashwa joto karibu na gati, lenye shimo la kukagulia magari. Shangazi alisuuza kutoka juu kwa mpira wa maji, Roch akiwa shimoni amevaa koti la mvua. Mimi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kitabu changu, nikigeuza kurasa kwa glavu.

"Kushoto," sauti ilitoka chini.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwangu. Hapo. Hapo umeniingizia kwenye sikio."

"Si umesema kushoto."

Baadaye tulikula maharagwe ya kuokwa na mkate, sufuria ikiwa juu ya mapaja ya shangazi. Mapenzi ni kikohozi, lakini hawa wawili walikohoa kwa adabu sana. Hawakusema lolote ambalo ningeweza kumpelekea baba.

Aprili barabara zilikauka, chumvi ikabaki vumbi jeupe linalopeperushwa na upepo wa ghuba. Baba aliinua gari kwenye lifti. Shangazi alisimama mikono mfukoni, Roch kando yake, mimi mlangoni. Baba aligonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, akianza nyuma. Ngo. Ngo. Ngo. Bati la vuli lilikuwa zima. Akasogea chini ya kiti cha dereva, na sauti ikabadilika. Bisibisi ikaingia bila kusukumwa. Vipande vyekundu vikamwangukia kwenye mkono wa shati.

Tundu lilikuwa la ukubwa wa kiganja.

"Ghislaine," baba akasema. "Tulipeana mkono."

"Najua, Clermont."

Hakubishana. Aliweka mkono wake kwenye tairi, akaliacha lizunguke kidogo hewani, akalizuia. Ningependa abishane.

Roch alitoka nje. Nikadhani amekwenda kuficha uso. Akarudi amekumbatia bati jeupe, pana, lililokatwa vibaya pembeni.

"Hili halijawahi kuona chumvi," alimwambia baba. "Sabuni tu."

Baba aliligeuza. Nyuma kulikuwa na karatasi iliyobandikwa: moto, vuguvugu, baridi.

"Roch, hii ni mashine ya kufulia."

"Ilikuwa."

"Iliharibika?"

"Hapana. Ilikuwa nzima mpaka leo asubuhi."

Baba alimtazama yule mwanamume mkubwa, akamtazama dada yake, akarudi kwenye bati. Kisha akawasha msasa wa umeme, akaanza kuondoa rangi nyeupe pembezoni.

"Ya mwisho," alisema juu ya kelele.

"Ya mwisho," shangazi akakubali.

Msasa ulipozimwa, akamgeukia Roch. "Na nguo zako utafulia wapi?"

Roch akakuna ndevu. Ilionekana wazi hakuwa amefika huko.

"Lete Jumamosi," shangazi akasema. "Lakini soksi utakunja mwenyewe."

Baba akashusha kinga usoni, akatuamuru tugeuke tusiangalie mwanga wa kuchomelea. Tukageuka sote watatu tukatazama ukuta. Nilikuwa katikati yao, kwa hiyo nikasogea pembeni.