Pua ya Stoo ya Kemia

Shuleni pale hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wanafunzi walimwita Mzee Pua, walimu walimwita Pua, na mkuu wa shule naye, akiwa na haraka, alisema tu, "Niitieni Pua." Mwenyewe hakuudhika, maana lilikuwa jina la sifa. Alikuwa mtunza maabara, na katika stoo yake chupa zilibanana kwenye rafu, karibu zote zina kimiminika kiangavu kama maji ya kunywa. Lebo zilikuwa zimeliwa na mvuke na matone mpaka hazisomeki. Yeye alifungua kizibo, akapunga hewa kwa kiganja kuielekeza puani, akatoa hukumu: "Hii spiriti. Hii asidi ya siki. Hii heksani, irudishe pale." Hakukosea hata siku moja, na mtu asiyekosea huwa mvivu wa kuandika lebo.

Halafu pua ikafa. Alishikwa na homa kali, akalala, akaamka, na homa ilipoaga iliondoka na harufu zote. Alidhani ni mafua tu, yatapita. Mvua zikaja, zikaisha, hakunusa hata udongo uliolowa. Aliyegundua ni mkewe, siku alipomkuta mezani anakunywa maziwa yaliyochacha, tena kwa raha zake, gazeti mkononi.

"Baba watoto, hayo si yameharibika!"

"Mbona mimi nayaona sawa?"

Mkewe akaichukua bilauri, akanusa, akakunja uso. Kisha akamgeukia mumewe. "Tangu lini hunusi?"

Akamweleza. Hakuwa na namna.

"Kamwambie Mwalimu wa kemia," mkewe akasema. "Kule unashika sumu, hushiki maziwa. Na mficha maradhi, kilio humfichua."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho."

Kesho hiyo kila alipoikaribia ilisogea mbele. Akawa anafanya kazi kwa kukumbuka: spiriti rafu ya chini kushoto, heksani rafu ya chini kulia, na ole wake atakayesogeza chupa. Kumbe kuficha jambo ni kibarua kizito kuliko kubeba magunia. Alirudi nyumbani amechoka, akalala amechoka, akaamka na uchovu ule ule unamsubiri kando ya kitanda. Aliogopa kunyang'anywa ufunguo wa stoo na kwenda kukaa sebuleni kuangalia ukuta. Na aliona aibu. Mtu anayeitwa Pua, akiwa hana pua, ni nani?

Mwalimu wa kemia angeweza kuwa bintiye wa kumzaa, na alimwita Baba. Muhula ule alikuwa anawaanzishia wanafunzi kemia ya kaboni. Mzee aliusikia mlango wa stoo ukimpitishia somo lile lile alilolisikia kwa walimu wote waliotangulia.

"Kaboni ina mikono minne," Mwalimu alisema. "Haidrojeni ina mmoja tu. Kaboni hushikana na kaboni nyingine, zikafanya mnyororo, na mikono iliyobaki ikashika haidrojeni. Vitu vya kaboni na haidrojeni peke yake tunaviita haidrokaboni: gesi ya kupikia, nta ya mshumaa, heksani. Sasa nenda mwisho wa mnyororo, ng'oa haidrojeni moja, weka oksijeni iliyoshika haidrojeni. Umebadilisha mkia tu, lakini tabia ni nyingine kabisa. Hiyo sasa ni alkoholi. Spiriti yetu ndiyo hiyo. Heksani haipatani na maji, alkoholi inapatana nayo. Mkia ndio unaoamua."

Mzee alisikia huku akisuuza mirija, na hakuona linamhusu nini. Hayo yalikuwa mambo ya watoto wa darasani. Yeye alikuwa na pua, au aliwahi kuwa nayo.

Siku mambo yalipoharibika, wafagiaji waliingia asubuhi wakaosha rafu. Waliosha vizuri, Mungu awabariki, wakarudisha chupa kila mmoja alivyopenda. Mzee akasimama katikati ya stoo na chupa mbili mikononi, zote nusu, zote angavu. Akafungua moja, akapunga, akavuta. Hewa tupu. Akafungua ya pili. Hewa tupu vilevile.

"Baba, taa za spiriti!" Mwalimu akaita. "Watoto wameshakaa."

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa mdomoni, alilihisi. Badala yake akasema, "Nakuja, Mwalimu," akajaza taa kwa chupa ya mkono wa kulia.

Aliyewasha ya kwanza alikuwa kiranja wa darasa, binti mwembamba mwenye maswali mengi. Spiriti huwaka kwa moto mdogo wa buluu, mpole. Huu ulipanda wa manjano, mrefu, unatema masizi. Binti akaruka nyuma, mkono ukaigonga taa, moto ukatambaa juu ya meza na kumshika shati kwenye kiwiko. Mwalimu alimfunika kwa koti lake la maabara, Mzee akamwaga ndoo ya mchanga mezani, na kabla wenzake hawajamaliza kupiga kelele moto ulikuwa umekwisha. Lakini mkono wa binti ulikuwa umebabuka.

Mkuu wa shule alikuja anahema. Akaona masizi, akaona kiranja analia, akakumbuka kwamba huyu ndiye aliyewahi kushikwa akichanganya mabaki ya dawa kwenye sinki ili aone kitatokea nini.

"Umetia nini kwenye taa?"

"Sijatia kitu, Mkuu. Wallahi tena."

"Taa hazijichafui zenyewe! Ukitoka kufungwa jeraha, nenda nyumbani. Usirudi bila mzazi, na hata ukirudi naye, maabara uisahau."

Binti alimgeukia Mzee, kwa sababu wote walijua akisema Pua, imekwisha: anuse taa, aseme kilichomo.

"Mzee, nusa," akamwomba. "Nusa uwaambie."

Mzee akaichukua taa. Akaipeleka puani, mazoea hayo. Angeweza kusema lolote, na lolote angesema lingeaminiwa.

"Sinusi," akasema.

"Nini?" Mkuu akauliza.

"Sinusi kitu. Tangu ile homa. Taa nimejaza mimi, kwa kubahatisha. Mtoto hana kosa."

Mkuu alimtuma kiranja kwenye chumba cha huduma ya kwanza kwa sauti iliyopungua sana, akasema atazungumza na Mzee baadaye, akaondoka. Wanafunzi wakatolewa nje. Mwalimu akabaki. Mzee alitegemea huruma, hakuipata.

"Baba, ungeniulia mtoto." Macho yalikuwa yamejaa machozi ya hasira. "Ungeniambia! Ni kitu gani hicho cha kunificha?"

"Nilichoka, mwanangu."

"Sote tumechoka!" Akavuta glasi mbili za maji, akadondosha tone kutoka kila moja ya zile chupa mbili. Moja likayeyuka majini likapotea. La pili likaelea juu, limejitenga. "Basi. Hii alkoholi, hii heksani. Pua ya nini?"

Mzee akalitazama tone lile linaloelea. Lilimuuma kuliko maneno. Miaka yote hiyo jibu lilikuwa linapita mlangoni kwake, linasemwa kwa sauti, naye anasuuza mirija.

Ufunguo ulichukuliwa, ukakaa kwa Mwalimu. Mzee aliachwa kazini kwa sharti moja: aandike lebo za chupa zote, na kila moja aithibitishe kwa jaribio. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," mkewe alimwambia, lakini mhunzi mwenyewe alijiona mzee. Alikaa benchi la nyuma na wanafunzi wanaoanza, akidondosha matone kwenye maji, akitia magadi kwenye asidi aone povu. Kazi aliyoimaliza zamani kwa kuvuta pumzi sasa ilimla asubuhi nzima. Yule binti kiranja, mkono umefungwa bendeji, alikaa meza ya mbele yake. Hakumnunia. Hilo nalo lilimchosha Mzee, angependelea kununiwa.

Mwalimu alipofika kwenye esta aliwaeleza kwamba asidi na alkoholi zikipashwa pamoja huungana, zikatoa maji, na kinachozaliwa ndicho kinachoyapa matunda mengi harufu yake. Wakachanganya asidi ya siki na alkoholi ya mnyororo mrefu zaidi, wa kaboni tano, Mwalimu akawatilia matone machache ya asidi kali, wakatumbukiza mirija kwenye maji ya moto. Baada ya muda darasa zima likaanza kucheka na kunyoosheana mirija. Mzee peke yake alikaa, mrija wake mkononi, hajui umetoa harufu au haujatoa.

Kiranja akageuka. Mzee akamsogezea.

"Mama, ninusie," akasema. "Kuna kitu?"

Binti akapunga hewa kwa kiganja cha mkono usio na bendeji, kama alivyomwona yeye akifanya.

"Ndizi, Mzee. Ndizi mbivu kabisa."

Mzee akafumba macho, akaitafuta ndizi hiyo kichwani kote.

"Niambie tena," akasema. "Polepole."