Tofali Lenye Joto

Wengine wakisikia kisa hiki hucheka, husema mama mzee wa Walikale ameleta mambo ya msituni mpaka kanisani. Wacheke tu. Mimi sikusimuliwa na mtu. Mikono hii miwili ndiyo iliyolishika lile tofali, na hadi leo haijasahau uzito wake.

Nilikuwa nimeolewa Masisi, kwenye vilima vya karibu na Kingi, miaka ya hamsini ilipokuwa inaanza. Kwetu ni msitu na joto. Huku nikakuta baridi, ukungu, na watu wanajenga kanisa. La zamani lilikuwa la matete na udongo, mvua imelila, na Padri akataka la matofali ya kuchoma. Kila Mkristo aliyepanda kwenda kusali alipitia kwenye tanuri kule bondeni, akajitwika matofali, akayapandisha. Hata wajawazito walibeba mojamoja. Mume wangu Bahati alikuwa mwashi wa kanisa hilo, na mimi nilijivunia, kwa nini nifiche?

Ila ukuta mmoja ulitusumbua. Ule wa upande wa bonde ulipasuka, ukajengwa upya, ukapasuka tena. Vijana wakalaumu mvua, wazee wakanyamaza. Mimi mgeni ningejuaje kwamba kunyamaza kule kulikuwa na neno ndani yake?

Mchana mmoja nilikuwa napanda peke yangu na matofali kichwani, mvua ya manyunyu, ukungu umeshuka hata sioni miguu yangu. Mbele yangu akatokea mama mmoja, amesimama katikati ya njia, tofali moja juu ya ngata. Alikuwa na kovu la moto kidevuni, na amevaa nguo ya gome la mti. Nani alikuwa bado anavaa gome siku zile? Nikamsalimu kama tunavyosalimiana sisi watu wa misheni: "Tumsifu Yesu Kristu." Kule hata mtoto anayejifunza kusema hujibu "Milele amina." Yeye alinitazama tu, kama mtu aliyesikia lugha ya ugenini. Hapo ningekimbia, sivyo? Lakini akasema:

"Mama, unitue."

Na mtu akikuomba umtue mzigo, humkatalii, hata awe adui yako. Nikaweka wangu chini, nikalipokea lake. Niaminini, lilikuwa na joto! Tanuri lilikuwa limepoa zamani, mvua inanyesha, na tofali lina joto kama mgongo wa mtoto anayetoka usingizini. Na zito ajabu. Magoti yalinikunjika mpaka likagusa nyasi.

"Aksanti," akasema. "Kule juu bananiweka, upepo iko mingi. Ile ukuta haiko fasi yangu ya kulala. Muniweke chini, karibu na batoto. Na bwana yako ashuke sasa hivi."

Nilipotazama chini, tofali halikuwapo. Palikuwa na nyasi zilizolala, kavu, katikati ya nyasi zilizolowa. Nilipoinua macho, na yeye hakuwapo.

Nikaacha mzigo wangu, nikakimbia. Bahati alikuwa juu kabisa ya jukwaa la miti, anapanga matofali kwenye ukuta ule ule. Nikamwita ashuke.

"Wee bibi, niko na kazi!"

Ningemwambia nini, mbele ya mafundi wote na Padri? Nikaweka mikono kichwani, nikapiga yowe la msiba, lile ambalo mwanamke halipigi mpaka pawe na maiti. Hakuna mwanamume anayebaki juu akimsikia mkewe analia hivyo. Walishuka wote mbio.

"Nani amekufa?" Bahati akanishika mabega. "Sema! Mwenye amekufa njo nani?"

Sikuwahi kujibu. Ukuta uliporomoka nyuma yake, mzima mzima, ukalifunika jukwaa.

Mama mkwe wangu alikuja akikimbilia lile yowe. Nilipoeleza habari ya gome na kovu, akaketi pale pale matopeni.

"Huyo njo mama yangu," akasema. "Munauliza nani amekufa? Njo yeye."

Basi ndipo nikajua. Udongo wa ule ukuta ulichimbwa kwenye migomba ya zamani, ambako watu wa kale walizikwa karibu na nyumba zao. Mama wa mkwe wangu alilala pale, alikufa kabla misheni haijafika. Wazee wote walijua. Lakini walikuwa wamebatizwa, wakaona haya mbele ya Padri, asije akasema bado wanashika makaburi ya kipagani. Majembe yakaingia, wao wanatazama.

"Niliacha bachimbe mama yangu," akalia mama mkwe, "juu ya kuona haya tu. Na karibu aniuwie mutoto. Padri, umuweke ndani."

Tukaogopa. Asiyebatizwa hakuzikwa hata kwenye makaburi ya misheni, sembuse kanisani. Padri, ambaye hasira zake zilikuwa karibu siku zote, safari hii alivua kofia kwenye mvua. Akaokota kipande cha tofali, akakigeuza-geuza.

"Tofali si maiti," akasema mwishowe. "Na sakafu yetu bado haijawekwa."

Matofali ya ukuta ulioanguka Bahati aliyapanga mwenyewe sakafuni, amepiga magoti, mama yake akimpa moja moja, pale mbele watoto wanapoketi chini. Ukuta ukajengwa kwa udongo wa mtoni, na haujapasuka tena. Bahati alizeeka, akafa kitandani mwake, nami namshukuru Mungu. Mikono yangu lakini, ukungu ukishuka, hupata joto hadi nashindwa kushika kikombe. Na asubuhi za baridi watoto husukumana kugombea ile sakafu ya mbele. Katekista anafikiri wanapenda mafundisho.

Nanyi mnaojenga, ulizeni kwanza udongo unatoka kwa nani, na anayejua asione haya kusema. Mkija kusali kwetu, mkifika pale mbele vueni viatu. Nyanya yake Bahati amelala hapo. Hakuwahi kufundishwa kuitika "Milele amina", kwa hiyo tunamwitikia sisi.