Baba amemfukuza fundi kwa sababu ya picha yangu na roboti

Admin, naomba ufiche jina langu, na ile picha yangu ya wasifu usiionyeshe kabisa, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Mimi ni kijana wa kiume, miaka ishirini na mbili, nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja Morogoro mjini. Kwetu ni Dakawa, wazazi wangu ni wakulima wa mpunga. Sijaachwa, sijasalitiwa, sina mgonjwa. Shida yangu ni gia. Najua mtacheka. Chekeni, ila mkimaliza mnisaidie.

Mwaka jana nilijiunga na timu ya roboti pale chuoni. Siku ya kwanza kila mtu alitakiwa aseme anachokijua. Wengine walitaja umeme, wengine kompyuta. Mimi nikasema kwetu kuna pawatila, ile mashine ya kulimia majaruba, kwa hiyo nimekua na gia. Si uongo kabisa. Pawatila ipo, na mimi ndiye niliyekuwa naiosha tope. Kufika jioni nilikuwa mkuu wa kitengo cha gia, na cheo hicho nikakiweka kwenye stetasi kabla sijashika gia hata moja.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza giaboksi mbili, moja kwa kila gurudumu, za kupunguza mbio za mota ili roboti itembee taratibu na kubeba mzigo. Ya kwanza nilizibana gia zikaumana mpaka mota ikawa inanguruma tu bila kuzunguka. Nikawaambia wenzangu bado mpya, zitazoeana. Hazikuzoeana, mota ndiyo iliyotoa moshi. Ya pili, gia ilikuwa inateleza kwenye shafti, nikaimwagia supagluu. Gundi ikatiririka hadi kwenye beringi, ikaganda, na beringi ile haijazunguka tena mpaka leo; ikabidi timu inunue mota na beringi nyingine. Grisi nayo niliijaza kwa kijiko kama mtu anayepaka siagi mkate wa wageni. Tulipowasha, ilituchafua mashati wote.

Zuhura, nahodha wetu, msichana asiyepoteza maneno, akaniuliza, "Kaka, lakini umehesabu meno ya hizo gia?"

"Dada yangu, gia hazihesabiwi. Zinasikilizwa."

Ninavyoandika hapa masikio yananiwaka. Wenzangu waliiandika sentensi hiyo ubaoni, nami nikadhani ni kwa heshima.

Siku ya maonyesho roboti ilitakiwa impelekee mgeni rasmi sinia lenye mkasi, akate utepe. Asubuhi yake nikakuta upande wa kushoto gia mbili zimeachana kidogo, hazifikiani. Nikachomeka ya tatu katikati ili zishikane. Nikajaribu gurudumu la kushoto, linazunguka. La kulia, linazunguka. Kuyajaribu pamoja sikukumbuka, na wala sikujua kwamba ukiongeza gia moja katikati, gurudumu linageuza mwelekeo. Tukapiga picha, mimi nimevaa ovaroli nimeinamia roboti, mgeni rasmi ameniwekea mkono begani. Kisha Zuhura akawasha. Gurudumu moja likaenda mbele, jingine likarudi nyuma, roboti ikaanza kuzunguka palepale na sinia lake, mpaka mkasi ukachomoka ukatua karibu na kiatu cha mgeni rasmi. Yule mzee akautazama, akauliza kwa upole, "Hii ni ngoma ya wapi?"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Zuhura hakucheka. Aliniambia tu, "Haya, umeisikiliza?"

Hiyo ningeimeza ikapita. Lakini ile picha nzuri, ya kabla ya kuwasha, niliiweka kwenye stetasi, nikaifanya na picha ya wasifu. Ya baada sikuiweka. Baba akaiona, akamwonyesha kila aliyepita nyumbani.

Sasa pawatila yetu inaumwa, gia namba moja inachomoka ikiingia kwenye tope zito. Miaka yote yuko fundi anayeitengeneza. Safari hii alipokuja na begi lake la spana, baba alimwambia mbele ya majirani, "Rudi tu bwana. Nyumba hii ina injinia wake, anakuja Jumamosi." Mama ndiye aliyenipigia kunisimulia, anacheka kwa furaha. Ningesema ukweli palepale kwenye simu. Nikasema, "Haya mama, nakuja."

Nimekuja. Tangu asubuhi giaboksi iko wazi, vyuma vimelazwa juu ya gunia, na sikumbuki kipi kilitoka wapi. Baba amekaa kwenye kigoda anafukuza watoto wasivikanyage. Kila anayepita anaambiwa, "Polepole hapo, mtaalamu yuko kazini." Jogoo ameshachinjwa. Zamu yetu ya maji ya mfereji ni keshokutwa. Maji yakija pawatila ikiwa haijapona, hatutaweza kuchavanga majaruba, yaani kuvuruga tope lilainike kwa kupanda, maji yataenda kwa wengine, na miche itazeekea kitaluni. Mpunga huo ndio tunaokula mwaka mzima, na ndio unaonisomesha.

Nimewaaga kwamba natafuta mtandao niangalie mchoro. Niko nyuma ya ghala, naandika hii. Nimewaza kumwendea fundi kimyakimya, lakini kwetu hakuna kimyakimya, na maneno aliyoambiwa yalimchoma. Kumwambia baba nilijaribu. Nilimsogelea nikasema, "Baba, hii kazi ni ngumu." Akanishika bega. "Ndiyo maana tulikupeleka shule, mwanangu."

Hapa nimesikia vishindo, nimechungulia. Jirani yetu na wanawe wanasukuma pawatila yao, nayo mbovu, kuja kwetu, na baba anawaonyesha pa kuiegesha, ubavuni mwa ile yetu.

Jamani, matusi niwekeeni akiba. Nimwambie baba mbele ya watu wote hawa, au nikampigie fundi magoti kwanza? Nijibuni upesi, jirani ameshaanza kufungua bolti.