Maji ya Moto ya Kule kwa Bulamu

Kila asubuhi taa ya jikoni yangu inafifia, na mimi najua: mama yangu anaoga kule.

Kule ni kwa kaka yangu, ndani ya lupango ileile, kiwanja ambacho baba alituachia hapa Bel-Air, Lubumbashi. Kaka anaishi nyumba ya mbele na bibi aliyemuoa, bulamu yangu. Mimi na bwana yangu na batoto tuko nyuma. Mama eko katikati, ndani ya chumba chake kidogo. Waya wa umeme ni mumoja kwa sisi wote, basi bulamu akiwasha ile mashini yake ya kupasha maji, mimi hata chai yangu naikorogea gizani.

Ni kisanduku cheupe tu, kimefungwa ukutani kwenye duche, mule banaogea. Haina tanki. Unafungua robine, inanguruma kidogo, maji inatoka ya moto palepale, na haiishi. Kaka aliinunua baridi ilipoanza, na baridi ya Lubumbashi mwezi wa sita si ya kuchezea.

Mbele ya ile kisanduku kuja, maji ya mama ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nawasha makala kwenye mbabula, jiko yangu ya makaa, kungali giza, napasha sufuria kubwa, nachanganya ndani ya ndoo, naonja na kiwiko, halafu naipeleka kwenye duche ya mabati kule uani. Nilikuwa namusugua mugongo, na yeye anasema. Ndoto zake, mama gani wa kanisa alimunyima salamu, maneno ya baba ya mwisho. Kaka yangu hajui nusu ya hayo. Yalikuwa yangu.

Asubuhi moja nikafika na ndoo inatoa mvuke, chumba chake kitupu. Nikamuona anatoka mulango wa nyumba ya mbele, amepakaa mafuta, anacheka na bulamu. Akaniambia nipumzike sasa, kule maji haina shida. Pumzika! Nani alimuambia nimechoka?

Angalau bulamu angekuwa mubaya. Lakini hapana, ni mutu muzuri, ananisalimia, anabatumia batoto bangu sukari. Njo ile inaniuma zaidi. Siku moja tunaanika nguo, akaniuliza kama mama aliniambia vile alimuota baba amevaa koti ya harusi. Hakuniambia. Nikasema ndiyo, aliniambia, zamani. Nikaanika shuka ileile mara mbili.

Basi nikamusumbua bwana yangu. Yeye anafanya kazi kule migodini, upande wa Kinsevere, anarudi tu mwisho wa juma, na kila akirudi anakuta wimbo ni ule ule: mashini, mashini. Akachoka, akainunua. Kubwa kuliko ya bulamu, sifichi. Fundi alipomaliza kuifunga, nikaweka kiti cha plastiki ndani ya duche ya nyumba yetu, taulo mupya, sabuni ya harufu, nikaenda kumuita mama kwa sauti ya kusikika mupaka nyumba ya mbele.

Mama akafika kwenye mulango wa duche, akasimama. Hakuinua muguu. Aliangalia sapatu za bwana yangu pale chini, na wembe wake juu ya dirisha.

"Mutoto wangu," akasema pole pole, "unataka nivue nguo mahali mukwe wangu anavuliaga?"

Ole wangu. Sisi batu ba Kasai, mama na bwana ya binti yake banaheshimiana kwa mbali. Habakuli pamoja, habapani mukono. Bwana yangu akirudi anakohoa kwenye geti, mama apate nafasi ya kuingia chumbani. Kwa mutoto wake mwanaume anaweza kuoga, ule alimuzaa. Kwangu, haiwezekani. Kila binti anafundishwa ile neno akingali mudogo, na mimi, kwa hamu ya kumushinda bulamu, nililisahau kabisa. Bulamu alisikia yote kutoka barazani kwake. Hakucheka. Heri angecheka.

Halafu kabini ya umeme, ile inagawa courant mutaani mwetu, ikaungua. Giza, siku na siku. Batu ba komine yetu ya Kampemba yote banalalamika, na mimi naimba. Aliye juu mungoje chini. Nikapangusa mbabula yangu, nikapasha maji, nikaonja na kiwiko. Mama akarudi kwenye mabati yake kama vile hakutoka hata siku moja. Nikamusugua mugongo, povu tele, na yeye akaanza:

"Unajua, baba yenu, siku ile alikuja kuniposa..."

Nilikuwa sijapata kuisikia ile. Nikapunguza mwendo wa mukono, hadithi isiishe mbio.

Taa ya uani ikawaka. Kule barabarani batoto bakapiga kelele, courant imerudi. Mama akaiacha hadithi katikati, akasimama. Akachukua kikwembe chake, akakifunga juu ya povu.

"Mama, na hii maji?"

"Oga weye, mutoto wangu. Iko muzuri sana."

Akavuka uwanja, mugongo bado na sabuni. Nikabaki na ndoo, nangoja, mupaka taa ikafifia. Nikavua nguo, nikaoga.