Maji ya Kumwoshea Mtoto

Huku kwetu Kitui mwanamke haendi kujifungua mikono mitupu. Hubeba leso, pamba, na mtungi wa maji, maana bomba la zahanati limekauka tangu sikumbuki lini. Asubuhi binti yangu alipoanza kuita “mwaitu, mwaitu,” mama, mama, nilijua siku imefika. Maji yalikuwa tayari. Nilikuwa nimeyachota mwenyewe mtoni kwa kufukua mchanga, nikayachemsha.

Zahanati ilitupokea kwa harufu ya klorini. Nikashangaa, kwa sababu siku zote pale hunuka mkojo na damu iliyolala. Kumbe wakaguzi walikuwa wanakuja kutoka mjini, kupima kama akina mama wanahudumiwa vizuri! Vitanda vilikuwa na shuka mpya, bado zina mikunjo ya dukani.

“Asilale hapo,” sista, muuguzi wa zamu, akaniambia. “Ataichafua. Wageni wako njiani.”

“Sasa azalie wapi, sista? Kichwani mwangu?”

“Ajikaze kidogo. Wakati wa kutafuta mimba hakujua itauma?”

Alisema hivyo mbele ya mtu anayepiga magoti kwa uchungu, na yeye mwenyewe ana watoto. Nikageuka kutafuta mtungi wangu. Nikamkuta mama wa usafi kwenye korido, anamwaga yaliyobaki sakafuni, ameagizwa na sista. Maji yangu! Maji ya kumwoshea mjukuu wangu yanatumika kupiga deki njia ya viatu vya wageni. Ptuu! Hata leo nikikumbuka, mate yananijaa mdomoni.

Binti yangu alijifungulia chini, kwenye leso yangu, kando ya kitanda kilichotandikwa vizuri. Sista akamdaka mtoto, akakata kitovu, akamtazama mama yake. Akasema amechanika, atamshona wageni wakishaondoka. Gari liliposikika nje, ndipo kitanda kikapatikana. Akamlaza haraka, akamfunika mpaka shingoni, kisha akachukua leso yangu ya pili akapangusa damu sakafuni na kuisukuma kwa mguu chini ya kitanda. Mtoto tukamviringisha hivyo hivyo, na uchafu wake wa kuzaliwa umeanza kukauka kichwani.

Wakaguzi wakaingia. Mmoja wao, mama mwenye sauti ya upole, akainama juu ya kitanda. Sista akasimama nyuma yake pale pale, mikono kifuani.

“Mama, wamekuhudumia vizuri?”

Nikafungua mdomo niyatoe yote, ya maji, ya leso, ya sakafu. Binti yangu akanifinya mkono mpaka kucha zikaingia.

“Vizuri sana,” akajibu. Akatabasamu, haki ya Mungu.

Yule mgeni akashukuru na kusogea kitanda kingine. Nikamwinamia binti yangu.

“Kwa nini umedanganya?”

“Nyamaza, mwaitu,” akaninong'oneza. “Bado hajanishona.”