Bastola Mbili na Mche wa Sabuni

Mkono wangu haukukaa vizuri kwa ile bastola ndogo. Wacha nianze na hiyo, maana ndiyo ilinisumbua kwanza. Nimepasua mawe kule kwari za Murera tangu nikiwa kijana, tindo mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia, na vidole vyangu vimekuwa vinene hata kufunga vifungo vya shati ni kazi. Sasa nilipoishika ile ndogo, kidole cha mwisho kilikosa mahali pa kukaa. Kikabaki nje kinaning'inia, kama mtu amechelewa kanisani na benchi imejaa. Ile kubwa ilijaa mkononi vizuri. Nikaiinua, nikaangalia ukuta wa duka, na nitasema ukweli, nilijisikia nimerudi kuwa kijana.

"Mzee wangu, usiamue bado," muuzaji akaniambia. Alikuwa mwanajeshi aliyestaafu, tumbo limeanza kutoka lakini mgongo bado umenyooka. "Kubwa ni ya mkono. Ndogo ni ya nguo. Wewe unataka ya kuweka ama ya kubeba?"

"Nataka ya kulinda nyumba."

"Nyumba, ama mwenye nyumba?"

Nikamwambia asinichanganye. Akacheka, akanipikia chai. Hilo duka wanapika chai kama kwa mtu. Akanieleza masharti, ingawa nilikuwa nimeyasikia tayari wakati nilipohojiwa ndiyo nipewe leseni: isionekane na watu, nisilewe nayo, nikiiweka nyumbani iwe kwa sefu, na mtu mwingine asiiguse.

"Hata mama watoto?"

"Hata mama watoto."

Nikaitikia kwa kichwa nikamaliza chai. Hayo maneno yalinipita hivi hivi. Nilikuwa nafikiria kidole.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana mtu atauliza mzee wa umri huu anataka bastola ya nini. Ilikuwa Jumapili. Tulitoka kanisani, tukafika nyumbani, mama watoto akaingia ndani kuweka chai. Mimi nikabaki kwa geti na jirani, tunabishana juu ya ndama wake, kama anaharisha kwa sababu ya majani mabichi ama ni ugonjwa. Mimi nilisema ni majani. Kumbe ndani kulikuwa na vijana wawili. Walikuwa wamepitia ua wa nyuma. Mmoja alimshika mama watoto shingoni, akamwekea panga hapa, chini ya sikio, akamwambia maneno fulani. Halafu wakaruka ua na televisheni na simu. Nilikuja kujua wakati nilisikia kikombe kimeanguka.

Hakukatwa. Damu haikutoka. Lakini hayo maneno aliyoambiwa hajawahi kuniambia mpaka leo, na mimi nimeacha kuuliza. Jioni hiyo hiyo alibeba mfuko wake akaenda kwa binti yetu Membley, mahali kuna soja wa geti na kila mtu anaandikisha jina kabla ya kuingia. Akaniambia, "Baba, hiyo nyumba mimi sirudi. Siku nikijua nikiwa hapo sitakuwa peke yangu, nitarudi."

Mimi nikasikia bastola. Yeye hakutaja bastola. Lakini mwanamume akisikia kitu kama hicho anasikia chuma.

Sasa nyumba ya Murera nikawa nakaa peke yangu. Watu hufikiri mzee akiwa peke yake anapumzika. Uongo! Nilikuwa natoka jikoni nakwenda sebuleni, natoka sebuleni nakwenda kuangalia ua, narudi jikoni kukuta maji yamekauka kwa sufuria. Ugali wangu ulikuwa na madonge hata mbwa aliunusa kwanza ndiyo akakubali. Nilikuwa nawasha pikapu bila safari, nakwenda mpaka Theta, nageuka, napitia Ruiru, nasimama sokoni, nasahau nilitaka kununua nini. Nikiwa njiani namwona kila kijana amebeba kitu nafikiri ni panga. Siku moja niliangalia mmoja vibaya sana. Alikuwa amebeba bomba la choo.

Kwa hivyo hii maneno ya kubwa na ndogo ilikuwa lazima niimalize. Na kwa sababu shule niliachia darasa la tatu, kitu nisipokishika na mkono huwa sikielewi. Kule dukani nilikuwa nimepima zile bastola mbili na uzi, urefu na kimo, yule mwanajeshi ananiangalia tu. Nikaenda Ruiru nikanunua miche ya sabuni, ile ya bluu ya kufulia. Nikaikata kwa ule uzi, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Sabuni ni nyepesi, kwa hivyo nikapasha vipande vya nondo moto nikavizamisha ndani mpaka uzito ukawa karibu ule ule. Nikaanza kuvibeba nione ipi inabebeka: kipande kirefu siku moja, kifupi siku nyingine, kwa mshipi, upande wa kulia, ndani ya koti. Koti mimi huvaa hata jua likiwaka. Mzee bila koti ni kama amefukuzwa nyumbani.

Ile ndefu ilinitesa. Nikiinama kuangalia jiwe limekatwa sawa, inanidunga mbavu. Nikikaa kwa kile kigoda cha kwari, inapanda mpaka kwapani. Jua lilipokuwa kali, jasho likashuka, na jasho na sabuni unajua vile vinafanya. Povu likaanza. Shati likawa linateleza kwa ngozi, ngozi inawasha, na mimi siwezi kujikuna mbele ya wafanyakazi.

"Mzee leo unanukia vizuri," mmoja wao akasema. Huyo ni fundi ametoka magharibi, tumefanya kazi pamoja muda mrefu, mdomo wake haujui likizo. "Unaenda kuona wasichana?"

"Naenda kuona mama yako."

"Mpeleke basi, lakini kwanza ujisuuze. Koti lako linatoa mapovu kama beseni."

Wakacheka mpaka nyundo zikasimama. Ile fupi haikuwa na shida hiyo. Nilikuwa naisahau kabisa. Lakini kila nikiikumbuka, nakumbuka pia kidole changu kinaning'inia, na moyo unarudi kwa ile kubwa. Yule mwanajeshi alikuwa amenipeleka uwanja wa shabaha kujaribu zote mbili. Kubwa ilitulia, matundu yakakaa karibu karibu kwenye karatasi. Ndogo iliruka mkononi kama kuku anayekataa kuchinjwa. Tundu moja lilitoka kabisa nje ya karatasi. Sasa niambie, mtu anachagua aje? Moja inapiga lakini haibebeki, nyingine inabebeka lakini haipigi.

Jumamosi nikaenda Membley kumsalimia mama watoto. Siku hiyo ilikuwa zamu ya ile ndefu. Soja wa geti akaniandika, akanipisha. Mama watoto akatoka mlangoni. Sisi zamani hatukuwa watu wa kukumbatiana, tulisalimiana kwa mkono tu, hata nikitoka safari ndefu. Lakini tangu ile Jumapili amekuwa akinikumbatia, na mimi nimezoea, hata naingojea. Akanikumbatia. Mkono wake ukagonga ile kitu kwa mshipi. Akaruka nyuma kama amechomwa.

"Umekuja na hiyo kwa nyumba ya mtoto?"

"Ngoja kwanza."

"Wajukuu wako hapo ndani!"

"Mama, angalia." Nikafungua koti. Nikaitoa.

Akaangalia ule mche wa bluu, umelainika pande zote, na nondo imeanza kuchungulia kwa ncha moja. Akaniangalia usoni. Akarudi kuangalia sabuni. Kisha akacheka. Aiya, huyo mwanamke alicheka! Alikuwa hajacheka tangu siku ile. Akaketi kwa ngazi ya mlango, akashika kichwa.

"Na ndefu hivi ni ya nini?"

"Hiyo ni kubwa. Ndogo nimeacha nyumbani."

"Kwa hivyo umetembea Murera yote na sabuni kwa mshipi."

"Ni majaribio."

"Majaribio! Na mvi zote hizo."

Nikakaa karibu naye, nikamweleza yote, mkono na nguo na kidole. Alisikiliza vizuri. Mimi nilifikiri ataniambia chukua hii. Badala yake akaniuliza, "Ukiwa kwari na mimi niko jikoni, hiyo bastola iko wapi?"

"Nikichukua kubwa, nyingi ya siku iko kwa sefu. Nikichukua ndogo, iko na mimi."

"Ikiwa kwa sefu, mimi nafungua?"

Hapo ndipo yale maneno ya mwanajeshi yalinirudia, na chai yake. "Hapana. Leseni ni yangu. Wewe huruhusiwi hata kuigusa."

Akaondoa povu kidogo lililokuwa limekauka kwa mkono wa koti langu.

"Basi kubwa inalinda sefu," akasema. "Ndogo inalinda mawe. Mimi nalindwa na nani?"

Nilisimama, nikazunguka gari la binti yetu kama mtu anayetaka kulinunua, nikapiga teke gurudumu, nikaaga. Hata chai sikunywa. Wiki nzima nilikuwa mtu wa kutotulia, wafanyakazi wakanikwepa, hata yule fundi wa mdomo akapunguza. Nilifikiria kuuza nyumba. Nilifikiria kuhamia Membley, lakini kule mzee atafanya nini? Kila nyumba inafanana na nyingine, hata kuku hakuna. Nilifikiria kumwambia yule mwanajeshi nimeghairi. Kila wazo nililishika kidogo nikaliachilia.

Jibu lilitoka kwa mama watoto mwenyewe. Alinipigia simu, hata salamu hakumaliza.

"Baba, chukua ndogo."

"Ndogo inaruka mkononi."

"Mkono utafundishwa. Kubwa utaichoka. Mimi nakujua. Meno uliyotengenezewa yako wapi?"

Meno yangu ya bandia yalikuwa kwa kikombe, juu ya kabati. Yananifinya ufizi.

"Si unaona? Kitu kikikufinya unakiacha nyumbani. Hiyo kubwa utaiweka siku mbili, ya tatu iko kwa sefu, na wewe uko Theta unazurura. Chukua ile hutaacha. Halafu mahali itaenda, nitaenda."

"Hata kwari?"

"Hata kwari. Nitakaa kwa pikapu, nitatoa minji yangu kwa maganda. Siwezi kukaa kwa hiyo nyumba wakati hupo. Ukiwepo nitakaa."

Nikataka kumwambia kwari ni vumbi, hakuna choo cha mama, hao watu wanatukana ovyo.

Nikachukua ndogo. Nimerudi uwanja wa shabaha mara nyingi, na kidole hicho cha mwisho nimekifundisha kukunja chini ya mpini. Matundu sasa yanakaa kwa karatasi, ingawa si yote. Na siku ya kumleta nyumbani tulifika kabla ya giza. Yeye hakushuka. Akafunga vioo, akaniambia nitangulie. Nikapita kila chumba, mkono ndani ya koti. Nikatoka nikamwambia hakuna mtu.

"Chini ya kitanda?"

Nikarudi. Kuinama pale na magoti yangu si mchezo. Nikatoka.

"Hakuna."

"Nyuma ya pazia ya bafu?"

Nikarudi tena. Nilipotoka alikuwa ameshuka, amesimama kando ya pikapu na mfuko wake. Akaja upande wangu wa kushoto, ule usio na kitu, akashika koti langu kwa ngumi, kitambaa chote, kama mtu anayevuka mto. Tukaingia hivyo. Na mpaka leo ndivyo tunaingia, mimi nikiangalia kila kona, yeye akinivuta koti, na kila jioni nasema kesho nitalipeleka kwa fundi wa nguo, maana mshono wa upande huo umeanza kuachia.